Meli Kumi na Mbili

Maji ya mkonge yana harufu ambayo mtu wa Korogwe hahitaji kuelezwa. Ni uchachu wa majani yaliyosagwa, yakalala mtaroni juani na kuchanganyika na tope. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye basi, nikitoka Handeni kwenye arobaini ya mama. Tulipopita karibu na kiwanda kimoja, abiria wenzangu walifunga madirisha. Mimi nilifungua langu. Mwanamke niliyekaa naye aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, hiyo ni harufu ya baba yangu.

Baba alikuwa mfunga marobota kwenye shamba la mkonge upande wa Ngombezi, miaka ile mashamba yalipokuwa yamekwisha kuwa mali ya taifa na sisi watoto tukiimba Ujamaa kila asubuhi shuleni. Katani ikishakauka na kupigwa brashi, yeye na wenzake waliishindilia kwenye mashine na kuifunga, kisha baba akapiga chapa kwa rangi nyeusi. Marobota yakapanda treni, yakaenda. Alikuwa akisema amefunga mizigo miaka yote hiyo bila kujua inakofikia. Mama alizifua nguo zake kwa sabuni ya mche na ndimu, lakini ile harufu haikutoka.

Ndipo ikaja safari. Kiwanda kilikuwa kimevuka lengo, na wafanyakazi wakaambiwa watapelekwa Tanga siku moja, wazungushwe bandarini kwa boti waone meli. Kila mtu alichukua mmoja wa nyumbani kwake. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, kwa hiyo nikaenda mimi. Baba mdogo, aliyekuwa na duka Kabuku, alituazima kamera yake ya boksi na kunifundisha mimi kuitumia, kwa kuwa nilikuwa darasa la nne na nilisoma namba vizuri. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa kutazama kioo kidogo cha juu, unabonyeza. Kisha unazungusha filamu mpaka namba nyingine itokee kwenye kidirisha chekundu mgongoni. Zilikuwa picha kumi na mbili.

Mama alitusindikiza hadi mlangoni. “Meli pigeni mtakavyo,” alisema. “Lakini mniletee na picha ya huyu baba yako. Hatuna hata moja.”

Baba alicheka, akamwambia sura yenyewe si anaiona kila siku.

“Mimi naiona,” mama alisema. “Huyu aliye tumboni bado.”

Niwaambie ukweli, baba aliogopa maji. Tangu boti ilipoondoka gatini alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mmoja alimwambia, “Mzee, kiachie hicho chuma, hakitakimbia.” Mwingine alisema hata Mto Pangani mtu huyu huuvuka kwa kufumba macho. Baba alicheka nao, lakini hakuachia.

Meli zilikuwa zimetia nanga mbali kidogo, kubwa kuliko kiwanda chetu, na nyingine zikipita kuingia na kutoka. Nilipiga ya kijani, nikapiga ya kutu, nikapiga moja yenye maandishi nisiyoweza kuyasoma. Tulipolipita tishari, boti bapa ya kupeleka mizigo melini, lililobeba marobota, baba aliiona chapa yake. Hakupiga kelele. Alininong'oneza tu kwamba yale ni yetu, na tukatazama winchi ya meli ikiyanyanyua manne kwa pamoja, maji yakidondoka kwenye kamba. Hiyo nayo niliipiga. Ilikuwa ya kumi na moja.

“Imebaki ya mama yako,” baba alisema. “Tungoje maji yatulie.”

Akarudi kuyatazama marobota yake. Upande wangu ikapita meli nyeupe, na juu yake mtu mmoja akanipungia mkono. Hakumpungia mtu mwingine yeyote, alinipungia mimi. Nikabonyeza. Nilipozungusha filamu, kishikio kilizunguka chenyewe kilaini, bila kukaza, na kidirisha chekundu hakikuonyesha namba yoyote.

Boti ilipogeuka kurudi, baba aliniita. Aliniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. “Haya, Mama. Sasa mimi.”

Ningeweza kusema filamu imekwisha. Badala yake nilimwambia asimame pale. Aliachia mkono mmoja, kisha wa pili. Boti ilikuwa ikiyumba. Alifunga kifungo cha shingoni na kunyoosha shati, akasimama bila kushika kitu. Niliinamia kioo. Nilimwambia ainue kidevu. Nilimwambia asubiri jua litoke kwenye wingu, na akasubiri. Kisha nikabonyeza.

Picha zilisafishwa Korogwe. Mama alizipanga kwenye mkeka, meli kumi na mbili, akazipitia mara mbili. Baba alisema labda ile moja iliungua, mashine ndivyo zilivyo. Mama akazikusanya.

Rehema akazaliwa. Kabla hajaanza kutembea, homa ya siku nne ilimuua baba. Sisi tukahamia kwa kina mama Handeni, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, tukiwa na sufuria, godoro na zile picha.

Mwaka jana, nilipokuwa nikimwosha mama miguu kitandani, nilimwambia nilichofanya. Nilidhani nampa habari.

“Aliniambia siku ileile,” mama alisema. “Alisikia ulivyozungusha, kishikio kimelegea. Mtu wa mashine yule. Akaniambia, ‘Mtoto ameshazimaliza, lakini nilisimama.’”

Nilimuuliza kwa nini alisimama.

“Sikumuuliza. Nilikuwa nimekasirika.”

Siku ya arobaini yake, Rehema alizitoa picha kwenye sanduku. Ni mtu mzima sasa, ana wajukuu. Aliuliza baba yuko kwenye meli ipi kati ya hizi. Nikamweleza yote, sikuacha kitu.

“Basi nieleze,” alisema. “Alikuwaje aliposimama?”

Nilimweleza shati, kifungo, mikono ilivyoachia. Akaniuliza uso. Hapo nikakwama, na hadi leo nimekwama. Baba alijua hakuna picha itakayotoka. Alisimama ili nimwone mimi. Na mimi, nikitaka uongo wangu ufanane na kweli, nilikuwa nimeinama kwenye kile kioo, ambamo alikuwa mdogo kama ukucha. Alikuwa hatua tatu mbele yangu, mchana kweupe, na sikuinua kichwa.