Kimti cha Nyika na Maji ya Ndiva

Nakumbuka, mwanangu, siku moja nikiwa msichana mbichi, nilikaa mlangoni kwangu nikalilia mti. Ndiyo, mti. Cheka tu, nimeshazoea.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu huku milimani, na mume wangu alikuwa kibarua wa reli kule chini Makanya. Alipopanda kuja nyumbani mara ya kwanza, hakuniletea kanga wala sukari. Aliniletea kimti cha nyika kilichovimba shina kama chungu, kimejaa maua ya rangi ya waridi na hakina jani hata moja. Majirani walinicheka, lakini mimi nilikipenda mno. Nikakipanda mbele ya mlango, kila apitaye akione.

Sasa sikia ujinga wangu. Sisi Wapare wa mlimani tunajivunia kumwagilia. Maji tunayakusanya kwenye ndiva, bwawa letu la ukoo, kisha kila nyumba inafungua mfereji kwa zamu yake. Zamu yetu ilipofika, nilichepusha maji kutoka kwenye maharage nikayapeleka kwa kimti changu. Nikafanya hivyo zamu baada ya zamu, nikidhani namkirimu mgeni. Shina likalainika, likaanza kunuka, na mume wangu alikuwa anarudi Jumapili ile ile. Nitamwambia nini? Zawadi yake ya kwanza, nimeiua kwa mkono wangu!

Mama mkwe akaja, akalibonyeza shina kwa kidole.

"Nani kakuambia kina kiu?"

"Mama, si kila mmea unakunywa?"

"Kwao kinakaa miezi bila tone. Ulikiuliza, au ulikipenda tu?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye akachukua kisu, akakata tawi moja lililokuwa bado gumu, akanawa mikono vizuri maana utomvu wake ni sumu, akalitundika barazani likauke, na shina lililooza akaling'oa akalitupa. Nikamwona katili.

Jumapili mume wangu akafika, akakuta shimo mlangoni na kijiti kinaning'inia. Nikamweleza kweli yote. Akacheka hadi akakaa chini. Siku chache baadaye, jeraha lake lilipokauka, mama mkwe akalichomeka lile tawi kwenye mchanga mkavu chini ya upenu, akanikataza hata kulisogelea nikiwa na kibuyu mkononi. Likashika.

Tangu hapo nimeotesha mishubiri yenye madoa, mikonge pori, na vimea vingine ambavyo hata majina yake siyajui, na bustani ya kunishinda huku Upareni sijaiona. Nasema bila haya. Kuna raha kuamka asubuhi ukute kitu kilichokuwa kimelala kama jiwe kimefungua ua, wala hakikukusumbua.

Basi panda mimea ya ajabu, mwanangu, ikufurahishe. Ila kwanza jua ilikotoka na inachohitaji. Na mtu akiingia nyumbani kwako, awe mke, mume au mkwe, usimmiminie unachokipenda wewe. Muulize. Mungu akupe mkono unaootesha, na akujalie kujua siku ya kuuzuia.