Wimbo Uliopanda Mlima

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake. Ni kitu kati ya sarafu iliyoshikwa na kiganja chenye jasho na karatasi inayokaribia kuungua. Hata leo nikifungua rimoti ya televisheni nikakuta betri imevuja, mawazo yangu hayaendi kwenye televisheni. Yanakwenda kwenye bati la ofisi ndogo ya kanisa letu la mawe, milimani juu ya Kilosa, ambako betri kubwa za redio kaseti zilipangwa kama samaki wanaokaushwa, na Mwalimu Lameki akisimama chini, amekinga macho kwa mkono, akizilinda kama mama anavyolinda sufuria ya maziwa motoni. "Jua halimnyimi mtu," alikuwa akisema. Kwetu betri haikutupwa mpaka ianikwe, ing'atwe ubavuni kwa meno, kisha ianikwe tena. Siku hizi nimesoma vya kutosha kujua kwamba joto huiamsha betri kwa muda mfupi tu, kama chai inavyomwamsha mlevi. Wakati ule nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, na sauti ya kwanza haikuulizwa habari za umeme.

Kwaya yetu ilikuwa ya wanaume na wavulana. Wamisionari waliianzisha enzi ambazo shule ya pale ilikuwa ya wavulana peke yao, wakatumia sauti nyembamba walizokuwa nazo. Wamisionari wakaondoka, wasichana wakaingia shuleni na kutushinda katika hesabu, lakini kwaya ikabaki vilevile, wavulana mbele na wanaume nyuma, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba utaratibu ule ulikuwa na sababu na kwamba sababu yenyewe ilikwisha. Mama zetu walizijua sauti zote nne, maana mazoezi yalisikika mpaka kisimani, ila Jumapili walikaa kwenye mabenchi na kutusikiliza. Mama yangu hakuficha maoni yake. "Nyie mnaimba kama watu wanaosubiri ugali uive," alisema. Mimi nilisimama mstari wa mbele, kati ya Yona na nguzo, nimevaa joho lililoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye mustakabali mrefu zaidi. Yona, ambaye sauti yake ilikuwa safi kama maji ya mtungi, aliniambia yangu ni ya bawaba isiyotiwa mafuta, na alikuwa rafiki yangu mkubwa. Nyuma yangu alisimama baba, mkulima wa maharage mwenye kifua kama pipa, aliyeimba besi. Akiishika noti yake ya chini kabisa, niliisikia mgongoni kabla haijafika masikioni.

Mwalimu Lameki alitufundisha hesabu siku za wiki na kuimba Jumamosi, na katika yote mawili hakuvumilia haraka. Yeye ndiye aliyetunga "Maji ya Mlimani," wimbo wa maji yanayotoka kwenye chemchemi zetu na kushuka taratibu hadi bondeni, yakinywesha mahindi ya Muislamu na ya Mkristo, na ng'ombe wa wafugaji kule Msowero, bila kumuuliza mtu jina. Wimbo wenyewe ulishuka. Ulianzia juu kwetu wavulana, kila ubeti ukateremka kidogo na kupungua mwendo, hadi mwisho ukatua kwa baba, na ile noti yake moja ndefu, kama maji yanayoingia ziwani na kutulia. Mwalimu alituzuia kwa mikono yote miwili tukitaka kukimbia. "Maji hayana basi la kuwahi," alisema.

Kisha zikaja habari kwamba kutakuwa na mashindano ya kwaya Mikumi, na kwamba kwaya itakayoshinda itapelekwa Dodoma kurekodiwa katika studio ya redio. Kwa sisi wavulana Dodoma maana yake ilikuwa soda. Kwa Mwalimu ilikuwa jambo jingine. Jioni moja alikaa na baba uani kwetu, nami nikiwa napukuchua mahindi nikamsikia akisema, "Wamisionari walituachia nyimbo zao kwenye vitabu. Wangu uko vichwani mwenu tu, na vichwa vinazikwa. Nataka ubaki, tena ubaki kama nilivyoutunga." Baba akasema, "Utabaki, Mwalimu," kwa sauti ile ya chini ambayo ilifanya kila alichosema kionekane kama kimeshatimia.

Kabla ya mashindano kila kwaya ilitakiwa kutanguliza kaseti. Tukarekodi wenyewe, kanisani. Redio kaseti ikawekwa juu ya kiti cha mchungaji, jogoo akafukuzwa, wenye kikohozi wakaambiwa wakohoe chote kabla, na betri zikateremshwa batini zikiwa za moto kiasi cha kuchoma vidole. Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Tulipomaliza, tukajisikiliza palepale, kwa betri zilezile. Ilisikika nzito kidogo, kama kwaya iliyotoka kula. "Uzito ndio heshima," akasema Mwalimu, akafuta macho kwa leso. Kaseti ikateremka Kilosa na dereva wa lori la maharage, na huko, kabla ya kuikabidhi kwa waandaaji, dereva akapitia kwenye kibanda cha kurekodia nyimbo chenye umeme, akatoa nakala za kuwauzia jamaa zake. Sikio halilali na njaa. Nakala zikazaa nakala, zikaenda bondeni kote, na sisi kule juu, wenye betri za kuanika, hatukusikia lolote.

Siku ya mashindano tulipanda lori hilohilo, majoho yetu yamefungwa kwenye shuka. Ilikuwa siku ya soko pale Ulaya, kijiji cha njiani kilichopewa jina kubwa kuliko chenyewe, baiskeli zimejaa barabarani na matenga ya kuku, dereva akasimama anunue sigara. Ndipo tukausikia. Kwenye meza ya muuza kaseti mmoja, spika imeelekezwa barabarani, watu wasiojulikana walikuwa wakiimba "Maji ya Mlimani." Walianza kama sisi. Ubeti wa pili wakawa wepesi kidogo. Ubeti wa tatu wakawa wanakimbia, na kadiri walivyokimbia ndivyo walivyopanda, mpaka mwisho, mahali pa ile noti ndefu ya kutulia, pakawa na sauti kali nyembamba inayoelea juu ya soko kama kishada.

"Wametuibia," akasema Yona.

Baba alishuka kwenye lori, akaenda mpaka mezani. Muuza kaseti, kijana mwenye kofia ya pama, akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hao wanaoimba ni akina nani?"

"Hao ni kina mama wa milimani. Ni moto hao, mzee. Kaseti hii haikai mezani. Msikilize huyo mama wa mwisho."

Baba akajipiga kifua. "Huyo mama wa mwisho," akasema, "ni mimi."

Kijana akampima baba kwa macho, kutoka kifua hadi viatu. "Labda mkeo, mzee," akasema kwa heshima zote.

Lori zima lilicheka isipokuwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa ndiyo kwanza ageuzwe mama. Wa pili alikuwa Mwalimu, aliyekaa mbele na dereva. Alikuwa mtu wa hesabu, haikumchukua muda. Akatueleza kupitia dirishani, polepole, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe. Betri zilichoka tulipokuwa tukiimba. Zilivyochoka, mashine ikauzungusha utepe kwa kujikokota, ubeti hadi ubeti. Sasa utepe ule ukiwekwa kwenye mashine yenye nguvu, unazunguka haraka kuliko ulivyorekodiwa, na sauti inayokimbizwa hupanda. Pale kanisani hatukugundua kwa sababu mashine iliyotusikilizisha ilikuwa imechoka vilevile. "Maji yangu yanapanda mlima," akasema, akafunga dirisha. Hakuna aliyethubutu kutaja jua.

Mikumi tuliwekwa chini ya turubai tusubiri zamu. Tulikuwa wa mwisho, na "Maji ya Mlimani" ulikuwa wimbo wa lazima. Waandaaji, wakidhani ni ya kina mama fulani, walikuwa wameipenda kaseti yetu kiasi cha kuwaagiza wote wajifunze kwayo. Mwenye macho angeona heshima hiyo. Sisi tulikuwa na masikio. Kwaya moja baada ya nyingine ilipanda jukwaani na kuimba wimbo wetu kwa uaminifu usio na kasoro: ubeti wa kwanza mwendo wa bibi harusi, wa pili mwendo wa mtu anayewahi kanisani, wa mwisho mwendo wa mtu aliyekanyaga siafu, na sauti zikipanda hadi mishipa ikawatoka shingoni. Watu wa Ruhembe, wafanyakazi wa mashamba ya miwa, waliupandisha vizuri kuliko wote. Walikuwa na mama mmoja aliyeichukua ile noti ya mwisho, noti ya baba, akaituma juu kabisa na kuiacha huko. Watu wakasimama.

Mwalimu alikuwa na muda wa shangwe ile tu wa kuamua tuuimbe vipi. Baba akamwinamia. "Mwalimu, tunaweza kuupandisha. Vijana wanaweza. Sema tu." Ilikuwa kweli, tungeweza, na Dodoma ilikuwa pale, na soda yake. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, akanyoosha kola ya joho langu, jambo ambalo halikusaidia joho. "Wamewahi kuusikia unavyopanda," akasema. "Leo wausikie unavyoshuka, hata mara moja."

Tukauimba kama alivyoutunga. Sijui kama nimewahi tena kufanya kitu chochote vizuri namna ile. Hata bawaba yangu ilitiwa mafuta siku hiyo. Wimbo uliteremka ngazi kwa ngazi, ukafika kwa baba, baba akaufungulia mlango, na noti yake ikakaa chini ya turubai, ndefu, ikatetemesha mbao za jukwaa. Kisha makofi machache ya adabu, yale wanayopigiwa watoto wa shule ya chekechea. Jaji mkuu, mama mpole mwenye miwani, alisimama na kusema kwamba sisi tulikuwa na nidhamu na majoho mazuri, ila kwa bahati mbaya hatukuwa tumeujifunza wimbo. "Nawashauri," akasema, "mtafute kaseti mkausikilize vizuri."

Ruhembe wakaenda Dodoma.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini methali hiyo nadhani ilitungwa na mtu aliyeshinda. Tulirudi jua likiwa limelala juu ya nyasi, vumbi likituingia puani. Tulikuwa tumeipita Ulaya, soko limefungwa, wakati baba, yule mtu mzima mwenye kifua cha pipa, alipojikohoza, akajifunika shuka ya majoho kichwani kama mtandio, na kuanza kuimba kwa sauti nyembamba ya mama wa milimani. Yona akadakia. Wanaume wakadakia. Ubeti wa pili tukakaza mwendo, wa tatu tukakimbia, na lori likipanda kona za kwetu tukawa tunapanda nalo, tukipiga kelele badala ya noti, tukicheka hadi kulia. Nilichungulia mbele kuona kama Mwalimu amekasirika. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha, unapiga mlango wa lori, na mapigo yalikuwa ya haraka kuliko yetu. Alikuwa anatuhimiza.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu haachi kitu kilichopinda kikae kimepinda. Baba alipofariki nilikuta nakala ya kaseti ile kabatini mwake. Nikaipeleka Morogoro kwa kijana mwenye kompyuta, akaurudisha wimbo kwenye mwendo wake, ubeti kwa ubeti, hadi ukashuka kama siku ile ya Mikumi. Niliusikiliza ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mwishoni ikaja noti ya baba, si ya mama yeyote, ya baba mwenyewe, na nikaisikia mgongoni kabla haijafika masikioni. Nilikaa pale muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kuegesha.

Mwaka jana nikaupeleka kwa Mwalimu. Ni mzee sana sasa, anakaa barazani akizungukwa na wajukuu. Kwaya ina wanawake, ina kinanda cha umeme, na inaongozwa na mjukuu wake Neema, na hakuna dari iliyoanguka kwa sababu hiyo. Nilimpa shikamoo yake, nikaketi, nikatoa simu ambayo imebeba nyimbo nyingi kuliko maktaba ya wamisionari, nikamwambia, "Mwalimu, nimekuletea wimbo wako kama ulivyoutunga." Nikabonyeza. Akafumba macho. Nilikuwa nimeandaa leso, yake na yangu.

"Hii kwaya ya nani?" akauliza ubeti wa pili.

"Yetu, Mwalimu. Siku ile ya kurekodi."

"Mbona wanajikokota hivyo? Wamefiwa?"

Neema aliyekuwa akichambua mboga mlangoni akaficha uso kwa kanga. Nikajitetea kwamba ndivyo alivyotutaka tuimbe, kwamba kwa ajili hiyo tuliikosa Dodoma. Akanisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza majibu yangu ya hesabu. "Niliwapa watu wimbo unaoshuka," akasema, "wakanirudishia unaopanda. Wanauimba harusini, wanauimba wakivuna, nasikia mpaka shuleni. Ule wa kwangu uliimbwa mara moja tu, tena vizuri. Hiyo inatosha. Weka ule wa kwetu."

Nikaweka ule wa kaseti, ambao na wenyewe upo kwenye simu, kama vitu vyote. Mwalimu akaanza kupiga goti. Ubeti wa tatu, pale wimbo unaposhika mbio, simu ikalia mara moja na kuzima. Neema hakungoja. Akaudaka ulipoangukia, bila kuinua macho kwenye mboga zake, na jikoni wenzake wakaupokea, wakaupandisha hadi mahali ambapo bawaba yangu ya zamani haikuweza hata kuchungulia. Mwalimu alipanda nao, kichwa kimeinuliwa, hana meno, hana haraka ya kushuka.

Walipomaliza akaitazama simu mkononi mwangu. "Imekufa?"

"Chaji imekwisha, Mwalimu."

Akakinga macho kwa mkono, akalitazama bati la banda la kuku lililokuwa likimeremeta upande wa pili wa uwanja. "Iweke pale kidogo," akasema. "Jua halimnyimi mtu."

Nami, mwenye shahada mbili, nikainuka, nikaenda kuiweka.