Kidoti Kilichosimama Rudewa

Ipo siku moja ambayo huwa sipendi kuikumbuka, mjukuu wangu, na leo umenilazimisha, maana hii ni mara ya tatu wiki hii unanipigia simu kuniuliza kama ufunge GPS kwenye gari lako au usifunge. Mara ya kwanza nilikuambia ngoja nifikirie. Mara ya pili nikajifanya mtandao unasumbua. Sasa tulia nikujibu vizuri, kwa sababu nikikujibu kwa neno moja utaenda kufanya upumbavu uleule nilioufanya mimi, na katika ukoo huu upumbavu wa aina ile mmoja unatutosha.

Ilikuwa enzi za ujana wangu. Usicheke. Nilikuwa na wajukuu wawili tayari, lakini katika mambo ya magari nilikuwa mtoto mchanga. Marehemu mume wangu alikuwa ameniachia pikapu, ile ya bluu ambayo ninyi mliikuta imeshakufa. Ilibeba mpunga na nyanya kutoka Rudewa, ikapita hapa Kilosa mjini, ikapita Masanze, ikashusha Mikumi kwa akina mama wanaowapikia madereva wa malori. Gari hilo ndilo lililokuwa likitulisha. Likilala siku mbili, na sisi tulikuwa tunalala na uji.

Dereva alikuwa Sudi. Mtu wa makamo, mpole, mwenyeji wa Masanze, aliyefanya kazi na marehemu miaka mingi bila kugombana naye. Hakuwa mzungumzaji. Ukimuuliza habari za safari atakuambia salama, basi, na ukitaka zaidi ya hapo inabidi umvute neno mojamoja. Ukimya ule marehemu aliupenda. Mimi nilipoachwa mwenyewe ulianza kunikera, kwa sababu mtu ambaye hajiamini huona kila anayenyamaza anamficha jambo.

Basi nikaenda msibani Mikumi. Tumekaa kwenye mkeka tunachambua mchele, mama mmoja mwenye magari mawili akatoa simu akatuonyesha ramani, na juu ya ramani kidoti chekundu kinatembea. Akasema lile ni gari lake, na dereva wake hawezi kusimama hata kununua karanga bila yeye kujua. Wenzangu wote wakashangaa. Mimi nikaona wivu, na wivu nao una haraka zake. Kabla matanga hayajaisha nilikuwa nimeshampata fundi umeme pale pale Mikumi.

Kosa la kwanza hili hapa, lisikilize. Sikumwambia Sudi. Nilimdanganya kuwa gari linakwenda kutazamwa taa. Fundi akakichomeka kile kifaa nyuma ya dashibodi, akaniwekea ramani kwenye simu, na nikarudi Kilosa nikijiona mjanja kuliko wanawake wote wa wilaya.

Wiki tatu zilizofuata sikufanya kazi. Nilikuwa nimekaa kizingitini natazama kidoti. Maharage yaliungua. Jirani alinisalimia nisimwitikie, akaenda kutangaza kwamba nimeanza kiburi. Mjukuu wangu alinililia njaa huku sufuria liko mbele yangu. Na jioni Sudi alikuwa akirudisha gari, anasimama mlangoni na kofia yake mkononi, anasema, mama, rejeta inavuja, ingefaa twende kwa fundi kabla haijawa kubwa. Mimi namjibu ndiyo, ndiyo, tutaona, wala sinyanyui uso, kwa sababu nilikuwa natazama kwenye simu alikopita siku hiyo. Unaelewa nilivyokuwa? Mtu mwenyewe amesimama mbele yangu na ananieleza habari za gari langu, mimi namtafuta kwenye ramani.

Na kwenye ramani nilikuwa nimeshakiona ninachokitafuta. Kila safari, Sudi akishapakia mzigo kule Rudewa, kidoti kilikuwa kinatoka barabarani na kusimama mahali pamoja. Dakika thelathini. Siku nyingine arobaini. Nikauliza ni kwa nani pale, nikaambiwa ni kwa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa.

Mwanangu, nitakuambia ukweli ingawa ukweli huu haunipendezi. Ingekuwa kidoti kimesimama kwa mkulima mwenzetu, ningesema amepumzika. Lakini kilisimama kwenye boma la ng'ombe, na sisi tulikuwa tumetoka kugombana na wafugaji kwa ajili ya mashamba yaliyoliwa. Mawazo yangu yakakimbia yenyewe. Nikasema Sudi anambebea mfugaji mizigo kwa gari langu, au anauza mafuta yangu, au yote mawili. Sikuwa na ushahidi hata wa punje moja. Nilikuwa na kidoti, na yaliyobaki nikayajazia chuki mwenyewe.

Nikapanda bodaboda mpaka Rudewa. Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, nikaingia bomani kwa watu bila hodi. Mzee Masanja amekaa kwenye kigoda, mvi tupu, umri wa baba yangu. Sikumwamkia. Hata leo nikikumbuka hilo naona haya kuliko yote yaliyofuata. Nikampita kama gogo, nikamkabili Sudi mbele ya wake wa mzee na wakwe zake, nikamwita mwizi. Nililisema neno hilo mara mbili. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wangu siku ile haukujikwaa tu, ulianguka chali.

Sudi alikuwa ameshika kitambaa na dumu la maji. Boneti ilikuwa wazi, na mvuke unatoka kwenye rejeta. Alikuwa anangoja injini ipoe ili afungue kifuniko ajaze maji, kisha achukue madumu mengine mawili ya kumfikisha Mikumi. Alikuwa anajaza pale kwa sababu maji ya visima vingine vya njiani yana chumvi, yangeimaliza rejeta upesi, na Mzee Masanja alikuwa anampa ya kisima chake bure. Hayo sikuyasikia kwa Sudi. Aliyenieleza ni mke mdogo wa mzee, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

Nilisimama pale sina pa kuweka mikono. Ndipo nikakumbuka, nikamgeukia mzee nikasema shikamoo.

Akaitika marahaba, akaniletea kigoda, akaniuliza nimejuaje kuwa gari liko kwake. Nikamwonyesha simu. Aliitazama kwa makini, na wala hakuidharau. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka kunywa maji, na yule wa mbele alikuwa na kengele shingoni, kama kawaida ya wafugaji wale. Akamnyooshea fimbo.

"Mama, yule nimemfunga kengele mwenyewe, na ni nzuri, inaniambia yuko wapi hata akiwa porini. Lakini haijawahi kuniambia kwamba ana kiu. Hilo naambiwa na mchungaji. Sasa mimi nikimpiga mchungaji, nitabaki na kengele."

Angenitukana ningepata nafuu.

Sudi alijaza maji, akafunga boneti, akapangusa mikono mpaka ikakauka. Kisha akaniwekea ufunguo kiganjani. Akaniambia gari linataka maji kila safari, kwenda na kurudi, mpaka rejeta itengenezwe, na dereva atakayekuja nimwambie hivyo. Akamuaga mzee, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Sikumwita. Nilijiambia nitamfuata kesho, hasira zikipoa. Zake au zangu, sijui nilimaanisha zipi.

Sasa mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi sikujifunza, na ndiyo maana nakasirika unaponiuliza swali hili kana kwamba ni dogo. Rejeta niliipeleka kwa fundi wa kupaka dawa ya kuziba, kwa vile kuibadilisha niliona ni gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliupaka rangi. Kisha nikaajiri dereva mwingine, na huyu nikamwambia wazi kuhusu kile kifaa, nikidhani huko ndiko kujirekebisha. Nikamwonyesha simu. Nikamwambia, nakuona popote ulipo, usisimame mahali popote mpaka Mikumi. Habari ya maji sikumpa. Nilikuwa nimeisahau, au niliona aibu kurudia maneno ya Sudi, yote mawili ni upumbavu.

Safari yake ya nne, kidoti kilipita Rudewa bila kusimama, kikapita Kilosa, kikapita Masanze. Nilikuwa na furaha. Nilisema leo nimepata dereva. Kisha kikasimama kati ya Masanze na Mikumi, mahali pasipo na nyumba wala duka. Nikapiga simu kumgombeza. Alipokea analia, mtu mzima na ndevu zake. Akaniambia mshale wa joto ulipanda tangu mbali, na alisikia harufu, lakini mama uliniambia nisisimame.

Injini ilikuwa imenoki, imekufa kwa joto. Fundi aliyekuja kulivuta alitazama mara moja tu akafunga boneti. Na nikuambie kitu kimoja: nilijua mahali gari langu lilipofia bila kukosea hata hatua kumi. Kifaa kilifanya kazi yake vizuri sana. Hata lilipovutwa mpaka nyumbani, kiliendelea kuniambia kuwa gari liko nyuma ya banda langu la kuku, mchana na usiku, mpaka betri ilipokwisha. Nilikuwa nalijua lilipo. Nililiona kila nilipokwenda kuokota mayai.

Tulikula uji miezi mingi, mama yako ni shahidi. Gari lilikuwa la marehemu, ameliacha kwa jasho lake, na mimi niliua vyote viwili, gari lake na urafiki wake na Sudi.

Nilimchukua kaka yangu mkubwa tukaenda Masanze kwa Sudi, kama inavyopasa mtu aliyemvunjia mwenzake heshima. Tulipokewa vizuri, tukapewa maji na chakula. Niliomba radhi mbele ya mkewe na watoto wake, kwa sababu nilimtukana mbele za watu, na tusi la hadharani halifutwi chumbani. Akasema amenisamehe, na najua alisema kweli, kila Idi huja kunisalimia mpaka leo. Kaka yangu akamuuliza kama tukilifufua gari atarudi.

"Nimemsamehe mama," Sudi akasema. "Lakini nikishika ule usukani nitakuwa naitazama dashibodi, sitaitazama barabara."

Hatukumlazimisha.

Kwa hiyo jibu lako ni hili, mwanangu, na usiniulize mara ya nne. Funga. Sikukatazi, wala mimi si bibi wa kuogopa simu. Wezi wapo, barabara ya Mikumi ina wageni wa kila namna, na gari likiibwa kifaa hicho kitakufaa kuliko machozi. Lakini kabla ya kumwita fundi, mwite dereva wako. Mwambie unataka kufunga nini na kwa nini, na akae hapo hapo kinapofungwa akione. Kisha muulize gari linaumwa wapi, na ukimuuliza, weka simu chini umtazame. Kidoti kikisimama mahali usipopajua, piga simu, uanze na salamu, umuulize amepatwa na nini, na umwache ajibu mpaka mwisho. Kama humwamini kiasi hicho, usimpe gari, maana imani hiyo hakuna fundi anayeiuza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe unataka kuua nyoka wa Mikumi ukiwa umelala kitandani Kilosa.

Na ukipita Rudewa, ingia kwa Mzee Masanja. Amekuwa mzee sana sasa, haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima, na kengele bado inalia bomani. Piga hodi kwanza. Mwamkie kabla ya neno lolote, umwambie shikamoo ile moja ni yako, na ya pili ni yangu, ile niliyoichelewesha.

Haya nenda. Mungu alilinde gari lako na macho mabaya, yakiwemo ya mwenye gari. Akupe dereva asiyeogopa kusimama, na akupe wewe masikio ya kumsikia anapokuambia kuna kiu. Amin.