Picha Niliyosema Haikutoka

Siku yangu ya kwanza kazini, Tajiri, mwenye duka la picha, hakunionyesha kamera wala chumba cha giza. Alinikalisha mezani, akaniwekea picha moja mbele yangu, akasema, "Itazame, kisha unambie." Nilikuwa msichana kutoka Rabai, nimetoka shule ya misheni juzi tu, nimevaa gauni la kuazima. Picha ilikuwa ya bwana mmoja wa reli, amesimama wima mbele ya nyumba yake hapo Changamwe, na mlingoti wa simu umemtokea utosini.

"Ameota mti kichwani," nikasema.

Tajiri alicheka hata akavua miwani. Kisha akaisogeza kalamu upande wangu. "Jicho unalo, mwanangu. Sasa mwandikie hayo hayo, ayasome nyumbani mbele ya mkewe, na wiki ijayo aje tena na filamu nyingine." Nilikaa na kalamu ile mpaka adhuhuri. Kumcheka mtu nilijua tangu utotoni, lakini hilo aliloniagiza sikulijua.

Niliajiriwa kwa sababu moja, wala sijidanganyi: nilikuwa mwanamke. Zama zile, miaka michache kabla ya Uhuru, kamera za sanduku zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, hata katika nyumba za wafanyabiashara wa Kiislamu wa ukoo wa zamani, ambao Tajiri mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mabinti wa nyumba hizo walipigana picha ndani, vichwa wazi, wakisukana nywele, wakipakana hina. Kupiga walipiga, lakini nani atazisafisha? Hapana mume ambaye angekubali sura ya mkewe iogeleshwe dawa na mwanamume mwingine. Ndipo Tajiri akatafuta msichana mwenye kujua kusoma, nami nikapata riziki.

Nyinyi mnaopiga picha kwa simu mtaniwia radhi nikieleza. Kusafisha filamu si kuiosha uchafu. Unaitia kwanza katika dawa ya kutoa sura, gizani kabisa, ukihesabu dakika kwa mdomo. Unaisuuza, unaitia katika dawa ya pili ya kuikaza sura isifutike, kisha unaianika kwa vibanio kama nguo. Hiyo ndiyo negativu, ambayo mtu mweusi huonekana mweupe na kanzu nyeupe huonekana nyeusi. Kutoka hapo ndipo unachapa picha kwenye karatasi. Kamera ya sanduku ilitoa picha nane kwa filamu, basi. Ukiharibu moja umeharibu, hakuna kurudia.

Tajiri alikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa mwingine. Kila bahasha ilitoka na kikaratasi cha kumwelekeza mteja. "Anza na kilicho kizuri," alinambia. "Ukikikosa, kitafute. Ukitafuta usikione, basi hujatazama." Baada ya hapo ndipo uandike kosa, tena moja tu, na namna ya kulirekebisha. Mimi niliona huko ni kubembeleza watu wazima. Niliandika, "Umewakata watoto miguu." Naye alikipitia kila kikaratasi kabla bahasha haijafungwa, akakata maneno yangu, akaandika yake: "Nyuso za watoto zimetoka safi sana. Safari nyingine rudi nyuma hatua mbili, na miguu iingie." Na kweli, mteja yule alirudi na filamu nyingine, na watoto wana miguu.

Nilijifunza, lakini nilijifunza nusu. Nilipenda ile nusu ya makosa. Ukinipa picha nilikuwa sekunde moja tu nimeshakwambia jua lilikuwa wapi, mkono ulitikisika au haukutikisika, ukuta umelala upande gani. Wenzangu walinisifu, nami sifa zikanipanda kichwani. Nilikuwa na ulimi mkali, nami nikiujivunia.

Baada ya miaka miwili Tajiri akafungua tawi Kisauni, karibu na wateja wake wa majumbani, akanihamishia huko. Tawi lilikuwa na meneja, mtu wa haraka haraka, asiyejua picha ila aliyejua sana kuogopa lawama. Siku ya kwanza tu aliniita.

"Raheli."

"Abee."

"Mteja akiona picha mbovu hasemi ni mkono wake. Husema ni sisi tumeiunguza. Mimi sitaki kelele hapa. Zilizoharibika usizitie katika bahasha."

"Hata negativu zake?"

"Hata hizo. Asichokiona hakimuumi."

Tajiri asingekubali hayo. Changamwe mteja alirudishiwa vyake vyote, vizuri na vibaya. Lakini Tajiri hakuwa Kisauni, na hata angekuwapo asingejua, kwa sababu bahasha za wanawake tulizifunga kwa uzi wa kijani, na bahasha yenye uzi huo haikufunguliwa na mwanamume yeyote, mwenye duka akiwa wa kwanza kuiheshimu sheria hiyo. Vikaratasi vyangu vikawa havisomwi na mtu kabla ya mteja. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona sasa nimekuwa fundi kamili.

Miongoni mwa wateja wa uzi wa kijani alikuwa binti mmoja akiitwa Zuhura. Mjomba wake alimletea kamera kutoka Aden. Alikuwa akiishi na mamake, wawili tu, na hamu yake ilikuwa moja, alinieleza siku ya kwanza tu alipokuja, buibui limemfunika gubigubi, sauti ya chini. "Dada Raheli, mimi nataka picha ya mama. Mama hana picha hata moja duniani. Na kifua chake hicho, sijui."

"Si umpige?"

"Akiona sanduku hili tu hujifunika uso. Asema, 'Niondolee jicho lako hilo mbele yangu.' Itanibidi nimvizie."

Basi akawa anamvizia. Filamu ya kwanza ilikuwa mgongo wa mama, kanga ya mama, mkono wa mama umetandazwa mbele ya kamera. Nilimwandikia ukurasa mzima wa makosa. Zuhura hakununa. Alivisoma vikaratasi vyangu kwa makini kuliko mteja yeyote, akanisomea tena mwenyewe pale dirishani ili ahakikishe amefahamu. Alinisikiza mimi kama mtu anayemsikiza daktari.

Filamu ya tatu ndiyo. Picha tano zilikuwa salama: majirani, paka, mtoto wa shangazi. Mbili zilikuwa giza tupu. Na moja ilikuwa ya mamake, amekalia mbuzi jikoni anakuna nazi, ameinua uso na kucheka. Mkono wake wa kukuna ulikuwa umetikisika. Ukuta umeinama. Mwanga wa dirisha umemwagika upande wa kushoto ukala robo ya picha. Niliishika negativu ile kwenye taa, nikaihesabia makosa yake, nikachukua mkasi nikazikata zote tatu. Nikazitupa katika ndoo pamoja na maji ya dawa. Kisha nikaandika kikaratasi: "Tatu hazikutoka. Usipige ndani ya nyumba. Mtoe mama uani, jua liwe mgongoni kwako, asimame, atulie."

Zuhura alikuja, akakisoma.

"Na ile ya mama akikuna nazi?"

"Haikutoka."

"Hata kidogo? Maana alicheka siku ile, Dada Raheli. Nilimtania juu ya ndoa zake, akanitazama akacheka, hakuwahi hata kujifunika. Nikasema leo nimempata."

Ningeweza kumwambia papo hapo. Ndoo ilikuwa bado haijamwagwa, iko hatua kumi nyuma yangu. Lakini kumwambia ni kukiri kwamba tunatupa vitu vya watu, na ni kukiri kwamba mimi Raheli nimekosea. "Mwanga wa jikoni ni mdogo," nikamjibu. "Kamera haikuona kitu." Alishukuru akaenda zake.

Akafuata maagizo yangu. Sijui alimbembeleza vipi yule mama, lakini alimtoa uani, akamsimamisha ukutani, jua la saa nne, buibui limefungwa vizuri, uso umekaza kama mtu anayengoja hukumu. Picha kali, haina kasoro hata moja. Nilimwandikia, "Nzuri sana. Hongera, umehitimu." Alipoiona alitabasamu kwa adabu, akaigeuza, akaitazama tena. "Ni yeye," akasema, "lakini si yeye."

Nilimwona hana shukrani.

Mwaka wa Uhuru ulipofika kazi ilituzidi, kila mtu akitaka picha, na katika msukosuko huo nikasikia kwamba mamake Zuhura amefariki. Kilikuwa kile kifua. Nilikwenda matangani, nikampa mkono na pole, nikarudi kazini. Baada ya siku za maombolezo yake, Zuhura akaja dukani na bahasha ya zamani. Akafungua uzi, akatandaza negativu juu ya meza.

"Filamu ina picha nane. Ulinifundisha mwenyewe," akasema. "Humu mna tano. Kama zile tatu hazikutoka, filamu yake yenyewe iko wapi? Hata ikiwa tupu, naitaka. Labda kuna kivuli chake."

Meneja alikuwa nje na mteja. Hapakuwa na mtu wa kunisaidia kusema uongo, na nadhani nilikuwa nimechoka nao. "Nilizitupa," nikamwambia. "Ya mamako ilitoka. Ilikuwa mbovu, nikaikata."

Nilingoja anitukane. Nilistahili, na ingenipunguzia. Zuhura alivuta kiti akaketi, akainua ushungi kidogo ili anitazame sawasawa.

"Kwa hiyo ulimwona."

"Nilimwona."

"Akicheka?"

"Akicheka."

"Basi nisimulie. Hakuna mwingine aliyeiona picha ile ila wewe. Meno yalionekana? Alinitazama mimi au alitazama chini? Lile pengo lake alilokuwa akilionea haya, alisahau kulifunika?"

Nikafungua mdomo, na kilichonijia ni ukuta ulioinama. Nikajaribu tena, ukanijia mkono uliotikisika. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa kitambo kizima, nimeishika kwa vidole vyangu kwenye taa, na nisingeweza kumpa binti yule hata jino moja la mamake. Nikamwambia kweli, sikumbuki. Akatikisa kichwa polepole, akakusanya negativu zake, akasema, "Haya, kwaheri Bi Raheli." Mpaka siku ile alikuwa akiniita dada.

Hakuleta filamu nyingine. Kamera nilisikia amempa mtoto wa shangazi yake.

Nilikwenda mwenyewe Changamwe nikamwambia Tajiri yote, ya ndoo na ya mkasi. Meneja aliondolewa, mimi nikabakizwa. "Nikufukuze useme umeshalipa?" akanambia. "Kaa ufanye kazi." Akanipeleka tawi la Likoni, na huko nikasafisha filamu za watu mpaka nikastaafu. Sikutupa tena hata kipande. Vikaratasi vyangu vikawa virefu mno, wateja wakinicheka kwamba Bi Raheli humsifia mtu hata kidole kilichoziba kioo cha kamera. Wacha wacheke.

Sasa macho yangu yana ukungu. Wajukuu huniletea simu zao, "Bibi, tuambie, iko sawa?" nami huwaambia wanieleze wao kwanza ni nani huyo na alikuwa akisema nini. Wanadhani ni kwa sababu sioni.

Zuhura simjui aliko. Kama yu hai naye ni bibi kama mimi. Bado najaribu kumtafutia jibu lake. Nafumba macho, narudi katika chumba kile, nainua negativu kwenye taa. Naona ukuta umelala. Naona mwanga wa dirisha umemwagika kushoto. Naona mkono wa kulia umekuwa moshi juu ya mbuzi. Uso siuoni.