Redio Iliyokuwa Rika la Mama

Mama yangu hakuwahi kujua mwaka aliozaliwa, ila alijua alizaliwa pamoja na nini. Baba yake alikwenda Bunda kuuza pamba, akarudi Butiama na redio ya Kizungu imefungwa nyuma ya baiskeli, akakuta mkewe amejifungua mtoto wa kike wiki hiyohiyo. Tangu hapo mtoto na redio wakahesabiwa pamoja, msimu kwa msimu.

Tatizo ni kwamba babu alikuwa mtu wa majigambo. Jirani yake alikuwa na santuri, na babu hakukubali hata siku moja kwamba santuri ile iliitangulia redio yake. Kila alipoulizwa ameinunua lini, alijiongezea miaka. Mama alipochumbiwa, padri alipouliza umri wa binti, babu akajibu kwamba binti ni rika moja na redio, na redio ina miaka kumi na minane. Padri akaandika kumi na minane. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, watu wanahamishwa na mizigo yao, nani angekaa kuhakiki umri wa redio?

Kwa mumewe mama hakusifiwa. Mtungi wa maji ulimshinda. Jiwe la kusagia lilimshinda. Shambani alisinzia na jembe mkononi. Mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, akamwita mvivu mbele za watu, na jina likamganda mpaka uzeeni. Sisi watoto wake tulikua tukilitania, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Naona aibu kuliandika hilo.

Juzi juzi nilikwenda kumsalimia kutoka Musoma, ninakofundisha fizikia. Akaitoa kabatini redio ile, aliyoachiwa na babu, akaifuta vumbi kwa kanga, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nataka ujue hii ina miaka mingapi ya kweli," alisema. "Asubuhi ya harusi walinitoa kwenye mpira wa rede, nilikuwaga nacheza na wenzangu. Mtu wa miaka kumi na minane anachezaga rede siku ya harusi yake? Nikijua umri wa hii, nitajua kama nilikuwa mvivu kweli."

Nikajifanya mjuzi. Nilitazama sanduku la mbao, kitambaa kilichofifia mbele ya spika, na kioo chenye majina ya miji: Roma, Praha, Hilversum, Luxembourg. Mama alijifunzia herufi kwenye kioo kile kabla hajaona ubao wa shule. Nikatamka kwamba hii ni ya kabla ya vita vya Hitla. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia babu.

Basi tukaenda Bunda, yeye kaipakata redio njia nzima, kwa fundi mmoja wa makamo anayeishi kwa kutengeneza simu na sabufa. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa redio za zamani, akamwachia bisibisi zake na daftari la namba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Usinivunjie mwenzangu."

Alipofungua mgongo wa redio tuliona vumbi na nyumba ya nyigu ya udongo. Akapuliza taratibu. Nyuma ya udongo zikasimama taa ndogo za kioo, zile wanazoziita valvu, safi kabisa, na ndani ya kila moja waya mwembamba kuliko unywele. Nimefundisha habari zake miaka mingi ubaoni kwa chaki. Sikuwahi kuziona. Nikajikuta nimevua kofia.

Fundi akasoma namba kwenye kioo cha kila valvu na kuzitafuta katika daftari. Zote zilianza na herufi D. Akatueleza kwamba D ni valvu za kula betri kidogo, za kwenda mahali pasipo umeme. Kwao walikotengeneza umeme ulikuwapo. Kuna mtu, baridi ya Ulaya huko, alikaa akafunga nyaya hizi akijua zinakwenda kwa watu wa taa ya kibatari, watu kama babu.

Halafu fundi akakunja uso. Baada ya valvu, kuelekea spika, palikuwa na transista mbili ndogo, vile vipuri vilivyokuja kuchukua nafasi ya valvu. "Mchanganyiko huu walitengeneza muda mfupi tu," alisema, "halafu valvu wakaziacha." Akamulika spika kwa simu. Kwenye karatasi yake palikuwa na muhuri wa wino wa zambarau, mwezi na mwaka. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imeziba skrubu zake. Hakuna mkono uliowahi kuifungua wala kuibadilisha.

Miaka miwili kabla ya Uhuru.

"Labda ilikaa dukani kwanza," nikasema, maana mwalimu hakosi neno.

"Ikikaa dukani ndiyo bibi anazidi kuwa mdogo, mwalimu. Kuzaliwa kabla ya hapo ndiyo haiwezekani."

Tukahesabu wote watatu, kuanzia muhuri ule mpaka mwaka wa Operesheni Vijiji. Kumi na tano, tena hiyo ndiyo kwa wingi.

Fundi akapanga betri kumi ndogo za mraba, akaziunga moja baada ya nyingine, akaongeza betri moja ya tochi kwa ajili ya nyaya za valvu. Valvu hazikuonyesha mwanga wowote. Tukangoja. Kisha mvumo ukaanza, ukapanda, na katikati yake sauti ya mtu wa mbali sana akisoma jambo kwa Kiarabu. Redio iliyonyamaza tangu sijazaliwa ilikuwa inaongea juu ya meza ya simu mbovu.

Mama aliweka kiganja juu ya sanduku na kusikiliza. Mikono yake ni mikubwa, imekomazwa na ile mitungi na lile jiwe la kusagia.

"Basi sikuwa mvivu," alisema. "Nilikuwa mtoto."