Mche wa Sabuni kwa Atakayebashiri

Juzi, kwenye duka la ujamaa kule Lusu, mtafiti wa chuo kikuu alikuwa akipima imani za watu. Atakayebashiri sawasawa ni wangapi watafika kesho yake kwenye shamba la pamoja, atapata mche wa sabuni. Wengi tulisema nusu ya kijiji.

“Wote,” akasema mama mmoja, akakaza kanga kiunoni, akatoka.

Jioni alibisha kila mlango, hata nilikofikia mimi mgeni: “Nimesema mtakuja. Msiniaibishe.”

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa shambani.

“Mama, umeniharibia!” mtafiti akalalamika. “Nilitaka kujua unachoamini tu.”

“Kwani wewe, mwanangu, ukiamini jambo unakaa tu?”

Sabuni akapewa. Ningempinga mama huyo, ila hata mimi nilikuwa nimeinama, jembe la kuazima mkononi.