FURAHA HAIKO TENA MU HII BUTIKI

Hapana, dada yangu asiniambie eti ordinatere, kompyuta ya kazi, njo ilinidanganya. Ordinatere ilileta kile niliiomba. Kosa iko yangu, yangu peke yangu!

Jina nitabaambia, bila hiyo hamutasikia kitu: naitwa Furaha. Munitafute sasa! Ma-Furaha tuko mingi, kutoka Masisi mpaka Walikale.

Natumika mu butiki ya Papa mumoja wa Butembo, mwenye macamion, magari kubwa ya kubeba maharagi na chumvi. Mi njo naandika barua zake za kazi. Ile wiki masasi ilinyamaza kidogo, barabara ikafunguka, nikataka congé, ruhusa ya kupumuzika kazi, niende kuona mama yangu Buleusa. Barua ya kuomba congé nilikuwa nimeisha kuiandika, lakini niliiweka wapi?

Mu ordinatere yetu kuko programu ya kutafuta: unaandika neno moja, inachimbua fasi yote, mu madocument, mu mail, mpaka mu mamessage. Nikaandika jina yangu. Juu kabisa ikaleta kipande ya barua, Papa anaandikia bibi yake, mama ya batoto yake:

«FURAHA HAIKO TENA MU HII BUTIKI. TUTAFUTE INGINE…»

Yesu wangu! Njo vile bananifukuza? Batafute Furaha ingine?

Mujue, miwani ya Papa ilipasuka, anaandika yote na majuscule, herufi kubwa tupu: Furaha jina na furaha ya roho zinafanana. Na kwetu muntu «iko», kiti «iko», huzuni «iko». Ningejuaje? Ah, ningejua! Ningefungua tu barua, nimalize. Lakini mimi na subira, tunasalimianaka tu kwa mbali.

Nikaandika kile kipande ku karatasi, nikatoka inje, bashofere balikuwa banapakia. Nikabasomea kile kipande, na sauti ya kanisa!

Papa akafika. «Furaha, unasoma nini?»

«Nasoma vile munanifukuza, Papa!»

Akaingia mu biro, akafungua barua yote. «Maliza basi, muwalimu.»

Bashofere balikuwa ku mulango. Nikasoma, mujinga mimi, tena kwa nguvu:

«…TUTAFUTE INGINE FASI YA KUISHI PAMOJA, ATA KAMA NI NDOGO. TANGU ULIKIMBIA MASASI NA BATOTO, CHAKULA HAIPITE KU KOO. NALIA KAMA MUTOTO.»

Wee! Ningeweza, ningeingia mu gunia ya chumvi.

Shofere mumoja akapiga kelele: «Papa, usilie! Furaha iko pale, inashika karatasi!» Bakacheka mpaka bakaketi ku magunia.

Papa hakucheka. Alisema tu: «Nilikuwa na kitu moja yangu peke yangu.»

Sasa mu ordinatere kuko mot de passe, neno ya siri ya kufungulia, na mi siijue. Barua za bibi yake anaandika ku karatasi, anaficha mu mufuko ya shati. Na ku parking ya macamion bashofere banamuita «Papa Chakula-Haipite». Muzee wa heshima! Sababu ya kidole yangu moja yenye iliandika «Furaha»!

Ndugu zangu, ile mashini inaleta kipande, hailete roho ya muntu. Kama barua si yako, usisome kipande, wala yote. Na ukisha kusoma, funga kinywa!

Kesho asubui, kabla macamion itoke, nitaenda ku parking. Nitaita bashofere bote, niseme: mujinga ni mimi, munipe mimi jina ya kucheka. Kisha nitasimama ku mulango ya biro ya Papa, nimuombe musamaha. Akisema niingie, nitaingia. Akinyamaza, nitangoja.